Kangaga Limejaa Chungu: Namna ya Kuligawa Likapona

Mwezi huu barua za makangaga zimezidi za maua mengine yote, na nyingi zinalia kilio kimoja: mmea uliokuwa pambo la sebule umekauka katikati, unanyauka siku moja tu baada ya kumwagiliwa, na vijani vyake vinapukutika sakafuni. Kangaga linalozungumzwa zaidi ni lile la majani marefu yanayoning'inia, ambalo wauza miche wengi hulijua kwa jina la Boston. Tunaanza na barua ya Tanga kwa kuwa jibu lake ndilo linalobeba mengine.

SWALI: Wahariri, salaam aleikum. Nina kangaga la miaka 6 kwenye chungu cha plastiki chenye upana wa sentimita 25. Mizizi imetokeza kwenye matundu ya chini na ubavu wa chungu umepasuka. Nikimwagilia, maji yanapita moja kwa moja hadi kwenye kisahani. Katikati pamebaki vijiti vikavu. Nilihamishie kwenye ndoo kubwa au niligawe? Na nikiligawa nianzie wapi?
Mama wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Aleikum salaam, mama. Ligawe. Ndoo kubwa haitaliponya. Kangaga hukua kwa kutanuka kwenda pembeni, na kitovu cha zamani, pale majani yalipoanzia, hakirudi kuchipua kikishazeeka. Ukilihamisha zima utakuwa umehamisha na hicho kitovu kilichokufa, na udongo mwingi mpya utabaki umelowa pembeni bila mizizi ya kuyanywa hayo maji. Udongo wa namna hiyo ndio unaoozesha.

Maji yanapita moja kwa moja kwa sababu ndani ya chungu chako udongo umekwisha, mizizi imechukua nafasi yake. Ule kidogo uliobaki ukikauka hujikunyata na kuachana na ukuta wa chungu, ndipo maji hupata njia ya kuteremkia. Juu panaonekana pamelowa, moyo wa fundo la mizizi umebaki mkavu.

Kwa mwambao wa Tanga, wakati mzuri ni wiki za mwanzo za masika, Machi hadi Aprili, hewa ikiwa na unyevu na mmea uko katika kasi ya kuchipua. Januari na Februari joto la kaskazi hukausha majani kabla mizizi iliyokatwa haijashika. Wasomaji wa Nairobi na Arusha waepuke Juni hadi Agosti, maana baridi huichelewesha mizizi mipya na kidonda hukaa kibichi muda mrefu.

Jioni ya kuamkia siku ya kazi, zamisha chungu kizima kwenye beseni la maji kwa nusu saa, mpaka mapovu yakome kutoka, kisha kiache kichuruzike usiku kucha. Mizizi iliyoshiba maji haikatiki ovyo, na fundo hutoka kwenye chungu kwa urahisi. Asubuhi ondoa majani yote makavu kwa kuyakata chini kabisa. Yale marefu ya kijani yapunguze nusu ya urefu. Wengi huona uchungu kufanya hivyo, lakini tunakusihi usiyahurumie: mizizi itakayobaki baada ya kukatwa haiwezi kunywesha majani yote, na usipoyapunguza mwenyewe mmea utayapunguza kwa kuyakausha. Vichipukizi vichanga vilivyojikunja vichwa usiviguse. Ndivyo vitakavyokuwa kangaga lako miezi mitatu ijayo.

Chungu chako kimekwisha kupasuka, basi kikate kwa mkasi ukibandue. Usivute mmea kwa majani, yatang'oka pamoja na vitovu vyake. Lilaze fundo ubavu juu ya gazeti. Hapo hitaji lako ni kisu cha mkate chenye meno au msumeno mdogo. Kisu laini cha jikoni kitateleza na kuichana mizizi badala ya kuikata. Kioshe kwa sabuni na ukipanguse kwa spiriti kwanza. Kata kipande cha chini cha fundo, unene wa sentimita 2 au 3, pale mizizi ilipojizungusha kama ukili, ukitupe. Kisha lisimamishe na ulipasue katikati kutoka juu kwenda chini. Linahitaji nguvu, na sauti yake inatisha kidogo, lakini kangaga la aina hii linavumilia. Kila nusu nayo ipasue vipande viwili ili upate robo nne. Katika kila robo, kata na kutupa pembe ya ndani iliyokuwa katikati ya mmea wa zamani, yenye vijiti vikavu na mizizi myeusi. Kipande chenye thamani ni kile cha nje chenye majani yasiyopungua 4 au 5, vichipukizi viwili vitatu, na mizizi ya rangi ya kahawia inayokaza ukiivuta. Mzizi ulioganda mweusi na kumenyeka ngozi kwa kidole umekufa.

Usishawishike kupata vipande kumi. Kipande kidogo mno hukaa mwaka mzima kikijikusanya tu.

Vipande vyako vinne vitaenea kwenye vyungu vya upana wa sentimita 15. Kipimo cha kukumbuka ni nafasi ya vidole viwili kati ya fundo na ukuta wa chungu pande zote. Kwa udongo, chukua kopo la lita 1 upime hivi: makopo 3 ya makumbi yaliyosagwa, makopo 2 ya mboji ya majani iliyoiva na kuchekechwa, na kopo 1 la pamisi, yale mawe mepesi yenye vitundu, yaliyopondwa kiasi cha punje za mahindi. Pamisi ikikosekana, mchanga mkubwa wa mtoni uliooshwa unafaa. Wa baharini usiuguse. Lita hizo 6 zinatosha vyungu vinne, kwa kuwa mizizi yenyewe inajaza karibu nusu. Udongo mtupu wa uani, hasa ule mwekundu, hushikana ukawa kama tofali na mizizi hii laini haupenyi.

Kokoto chini ya chungu tunaombwa kila mara tuzizungumzie. Hazisaidii. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto. Hukusanyika juu yake kwanza, kwa hiyo tabaka la kokoto hupandisha tope lile lile karibu zaidi na mizizi. Ziba tundu kwa kipande cha wavu au kigae ili udongo usitoke, basi.

Panda kitovu kikiwa sawasawa na uso wa udongo. Kikifukiwa hata sentimita 2, vichipukizi huoza kabla ya kutokeza. Acha sentimita 2 kutoka uso wa udongo hadi ukingo wa chungu ili maji yapate pa kutua. Udongo ushindilie kwa vidole, si kwa ngumi. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, subiri dakika kumi, mwaga yaliyo kwenye kisahani.

Kisha viweke mahali penye mwanga lakini jua lisipopiga, hatua moja au mbili kutoka dirisha la mashariki, kwa wiki 3. Kila asubuhi gusa udongo. Ukiwa na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, uache. Uso ukianza kupauka, mwagilia. Mbolea isikaribie kabla ya wiki ya 6. Baada ya hapo, mbolea ya NPK inayoyeyuka ya 20-20-20, gramu 1 kwa lita 1 ya maji, yaani robo ya kijiko cha chai, mara moja kwa mwezi, tena juu ya udongo uliolowa tayari.

SWALI: Niligawa kangaga langu wiki mbili zilizopita. Kipande kimoja nilikipa chungu kikubwa ili kisisumbuke tena, nikatia samadi ya kuku na kumwagilia kila siku. Sasa majani yanakuwa manjano na ukiyagusa yanatoka. Nimekosea wapi?
Kaka wa Kigamboni, Dar es Salaam

JIBU: Kaka, mapenzi yamezidi. Samadi ya kuku ambayo haijaiva hutoa amonia na chumvi nyingi, na mizizi iliyotoka kukatwa haina kinga. Chungu kikubwa nacho hubaki na maji ambayo hakuna mzizi wa kuyafikia, na wewe unaongeza mengine kila siku.

Kiondoe leo. Kung'uta udongo wote wenye samadi, suuza mizizi kwenye ndoo ya maji safi, kata yote iliyo laini au yenye harufu ya uvundo. Pima kilichobaki na uchague chungu kulingana nacho, hata kama ni cha sentimita 10 tu. Majani ya manjano hayarudi kijani, yakate. Funika mmea kwa mfuko wa plastiki unaoonyesha, wenye matundu matano sita, kwa siku 10, mbali na jua. Ukiona kitovu bado kigumu ukikibonyeza, kuna matumaini makubwa. Vichipukizi vinaweza kuonekana baada ya wiki 3 hadi 5. Kikiwa kinabonyea kama ndizi iliyoiva, hapana tena la kufanya.

Jambo moja zaidi kwa watu wa Kigamboni na kwingine mnakotumia visima: yaonje maji. Yakiwa na ladha ya chumvi, kangaga litaungua ncha za majani hata ukifanya mengine yote sawa. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, na uyatumie kwa mimea ya ndani peke yake.

SWALI: Hapa Unguja makumbi hayana bei. Je, naweza kutumia yale ya kusokotea kamba, yaliyotolewa pwani?
Msomaji, Unguja

JIBU: Unaweza, lakini si kama yalivyo. Makumbi ya kamba hufukiwa kwenye mchanga wa pwani kwa miezi ili yalainike, na bahari huyajaza chumvi. Ukiyapanda moja kwa moja utaona ncha za majani zikigeuka kahawia ndani ya wiki chache, kisha vichipukizi vinakauka vikiwa bado vimejikunja.

Yakatekate vipande vya nusu sentimita, yaloweke kwenye ndoo ya maji baridi usiku kucha, kamua, mwaga. Rudia mara 4 au 5, kila mara kwa maji mapya, mpaka maji ya mwisho yasiwe na ladha ya chumvi wala rangi ya chai iliyokolea. Ukiyaanika kwenye paa wakati wa mvua za masika, kazi inafanywa na mbingu.

Afadhali zaidi ni makumbi ya nazi za kufuliwa nyumbani ambayo hayajafika pwani. Hayo yatwange, chekecha upate unga na nyuzi fupi, yaoshe mara 2 au 3, kwa kuwa hata minazi inayoota karibu na bahari huwa na chumvi kidogo ndani yake. Nyuzi ndefu peke yake hazifai: zinakauka haraka mno na haziushiki mzizi. Unga wake ndio unaohifadhi maji. Na makumbi hayana chakula cha kutosha, kwa hiyo ile mboji ya majani iliyotajwa kwenye jibu la Tanga usiiache.

SWALI: Chini ya majani ya kangaga langu kuna vidoa vya kahawia vingi sana. Duka la pembejeo wameniuzia dawa ya wadudu. Nipulize?
Dada wa Kasarani, Nairobi

JIBU: Subiri kwanza, dada. Geuza jani ulitazame kwenye mwanga. Vidoa vikiwa vimejipanga kwa safu, kila jani dogo la pembeni lina mistari miwili inayolingana karibu na kingo zake, hizo ni spora, vumbi ambalo makangaga huzalia badala ya maua na mbegu. Hazina madhara yoyote, na tunajua makangaga mengi mazima yaliyouawa kwa dawa kwa sababu yake.

Vidoa vikiwa ovyo ovyo, vingine juu ya uti wa jani na kwenye kikonyo, na kimoja kikibanduka ukikikwangua kwa ukucha kikaacha unyevu, huyo ni mdudu gamba. Ishara nyingine ni majani na meza chini yake kunata. Hata hapo, dawa kali na zile zenye mafuta huunguza majani ya kangaga. Kata majani yaliyoshambuliwa zaidi. Yaliyobaki, wafute wadudu mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, kisha suuza. Rudia kila baada ya siku 7, mara 4, kwa kuwa watoto wao hawaonekani kwa urahisi na huibuka kwa zamu.

Na kama ulifikiria kuzioteza hizo spora: kangaga la Boston ni badiliko lililojitokeza lenyewe, likagunduliwa mwaka 1894 katika shehena ya makangaga iliyopelekwa Boston kutoka Philadelphia. Haliwezi kutegemewa kujizalisha vile vile kwa spora, ndiyo maana kugawa kunabaki njia ya nyumbani ya kupata jingine linalofanana na la kwako.

SWALI: Kangaga langu linateremsha nyuzi ndefu zenye manyoya, hazina jani hata moja. Jirani anasema ni ugonjwa nizikate. Pia nilipochimba nikakuta vijipira kama zabibu. Ni mayai ya nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Si ugonjwa wala mayai. Nyuzi hizo ni vitambazi. Zikigusa udongo hutoa mmea mpya, kama stroberi zinavyofanya, kwa maana hiyo umepewa miche bila kisu. Weka chungu kidogo chenye udongo pembeni, laza ncha ya uzi juu yake, ibane kwa waya uliokunjwa, weka unyevu. Mche ukiwa na majani 4 ya kwake, kata uzi. Kama hutaki miche, zikate, mmea haudhuriki.

Vijipira ni hifadhi ya maji, na vinakuambia kuwa lako si la Boston bali ni ndugu yake, mwenye majani yaliyosimama wima zaidi. Huyu ni mgumu, anastahimili kukauka siku kadhaa, na anagawanyika kwa mikono mitupu. Ila usimtupe kichakani wala kando ya mto. Akishika ardhini hufunika kila kitu, na kila kijipira kilichosahauliwa kinaweza kuchipua.

SWALI: Naishi Muscat. Kangaga langu liko sebuleni penye kiyoyozi, nalipulizia maji mara tatu kwa siku, bado ncha zinakauka na vijani vinadondoka kila nikipita. Nimeligawa mwaka jana tu.
Mama wa Muscat, Oman

JIBU: Mama, maji yako hayana kosa, ya bomba huko mengi yametolewa chumvi. Kosa liko hewani. Kiyoyozi hukamua unyevu wa chumba, na hayo unayopulizia hukauka baada ya dakika chache, kisha jani linarudi kwenye ukame ule ule. Kwanza lisogeze lisipigwe na upepo wa kiyoyozi, hata kama ni mita 2 tu. Kisha tafuta sinia pana, ijaze changarawe, mimina maji yafike nusu ya changarawe, na chungu kikae juu bila kugusa maji. Mimea mingine mitatu minne ikusanywe pembeni yake. Kila mmoja hutoa mvuke na wote wanafaidi. Bafu lenye dirisha ni bora kuliko sebule yoyote.

Novemba hadi Machi, kibaraza chenye kivuli kitalifaa, na huo ndio msimu wa kwenu wa kugawa. Kiangazi usithubutu: mmea uliokatwa mizizi hauna namna ya kusimama kati ya kiyoyozi ndani na joto la nje.

SWALI: Lile kangaga la majani mapana yasiyochanika, lililokaa kama kiota cha ndege, naweza kulipasua katikati nimpe dada yangu nusu?
Msomaji, Moshi

JIBU: Hapana. Hilo lina kitovu kimoja tu, na majani yote hutoka hapo kwa mzunguko. Ukikipasua umeua nusu zote mbili. Mara nyingine bustani ya miche hupanda miche miwili mitatu kwenye chungu kimoja ili ionekane imejaa. Fukua polepole uhesabu vitovu. Vikiwa viwili, vitenganishe kwa vidole bila kisu. Likiwa moja, mpe dada yako chungu kizima au umnunulie la kwake. Na unapolimwagilia, maji yaelekeze kwenye udongo pembeni, yasituame kwenye kiota.

SWALI: Paka wangu anatafuna kangaga lenye majani membamba kama nywele na miiba midogo, lile linalotiwa kwenye mashada ya harusi. Lina sumu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Lenye miiba si kangaga. Ni asparagasi, ndugu wa ile mboga, na hutoa maua meupe na matunda madogo, jambo ambalo kangaga la kweli halifanyi kamwe. Matunda yake humtapisha paka na kumharisha, na utomvu wake huwasha ngozi. Lipandishe juu asikofika, okota kila tunda linaloanguka, na kama ametafuna mengi mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kangaga la Boston halina sumu kwa paka wala mbwa, kwa hiyo kama anapenda kuchezea majani, hilo mwachie. Asparagasi nayo hugawanywa kwa kisu, lakini mizizi yake ina viazi vinavyoweka maji. Usiiloweke kama kangaga. Acha sentimita 3 za juu ya udongo zikauke kabla ya kumwagilia tena, na vaa glavu.